UZI: Duma yule huenda walikuwa watatu. Jinsi filamu za wanyama wetu zinavyopikwa, na namna ya kuzitazama

Lenzi Ndefu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Wiki iliyopita mdau mmoja aliweka kwenye jukwaa la picha kipande cha duma jike akimfukuza swala. Watu wakamwaga sifa. Katikati ya sifa jamaa mmoja akauliza: "Hivi huyu mpiga picha alikimbiaje sambamba na duma?" Wakamcheka, swali likapita. Mimi naona ndiye pekee aliyekuwa anatazama kweli.

Nimekula ugali wa kazi hii. Nilianza kama dereva wa wageni wanaokuja kushuti wanyama ukanda wa kaskazini, nikapanda nikawa mbeba tripodi, kisha msaidizi wa kamera, na siku hizi nimetulia Arusha nahariri video, nyingi za harusi na chache za porini. Kampuni nilizofanya nazo sizitaji, msinibane kwa hilo.

Jibu la yule jamaa ni kwamba hakuna aliyekimbia. Kamera kwa kawaida inafungwa mlangoni mwa Land Cruiser iliyozimwa injini, mita 150 au 200 kutoka kwa mnyama, na lenzi nzito inayovuta kutoka milimita 50 hadi 1,000. Na yule duma, kwa namna kipande kilivyokatwa, sitashangaa kama walikuwa watatu.

Pigeni hesabu wenyewe. Mbio za duma hazifiki dakika moja, mara nyingi ni sekunde chache tu. Mpiga picha ana kamera moja na mahali pamoja pa kusimama. Akishaanza kumfuata duma, hawezi kumwacha akamchukue swala usoni, arudi kwenye miguu ya duma, apande juu aonyeshe uwanda mzima, halafu awageukie watoto wa duma wanaomsubiri mama yao kwenye kichuguu. Lakini kwenye filamu vyote hivyo unaviona, vimefuatana barabara. Vimetoka wapi?

Miguu ni ya siku nyingine, imeshutiwa na kamera ya kasi inayochukua fremu 1,000 kwa sekunde. Runinga za kwetu zinaonyesha fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde moja ya mbio inageuka sekunde 40 za kutazama. Ndiyo maana unaona hadi chembe za vumbi zinavyotoka kwenye kucha. Uwanda kutoka juu ni droni au helikopta, na helikopta haikuwepo siku ile. Ingekuwepo, swala wote wangekuwa wameshavuka mpaka kuingia Kenya. Macho ya duma "akimpigia hesabu swala" yanaweza kabisa kuwa yalikuwa yanatazama gari la washutaji. Na watoto "wanaomtazama mama kwa wasiwasi"? Shoti ya namna hiyo ilipatikana mimi nikiwa nimekaa nyuma ya mpiga picha. Kwale alichomoka kwenye nyasi, vitoto vitatu vikainua vichwa kwa pamoja, masikio mbele, na jamaa akanong'ona kwa furaha kama mtu aliyeokota pesa. Alishajua kwamba wasiwasi wake kaupata, wakati mama mwenyewe alikuwa kalala chini ya mti hana habari na windo.

Mbinu hii ina umri wa miaka mia moja na ushee. Inasimuliwa kwamba Mrusi Lev Kuleshov, miaka ile ya baada ya Mapinduzi, alichukua uso mkavu wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, akauunganisha na sahani ya supu, kisha na maiti ya mtoto jenezani, kisha na mwanamke kajilaza kwenye kochi. Watazamaji wakamsifia mwigizaji: njaa aliionyesha vizuri, huzuni vizuri, tamaa vizuri. Uso ulikuwa uleule. Hisia waliileta wao, hapo kwenye mshono kati ya shoti moja na nyingine. Sasa Mozzhukhin angalau alikuwa anajua yuko kazini. Duma hajui.

Naendelea, ngoja nimalizie harusi ya mtu hapa.

Nyangumi2

Mkuu nimekaa paleee na chai yangu. Ila swali: kwa hiyo miaka yote hii nayo tumekuwa tunanyweshwa chai? Mimi mwanangu nimemzoesha hizo filamu badala ya katuni, nikijua ni vitu vya kweli.

Lenzi Ndefu

Hapana mkuu, usimnyime mtoto. Duma ni wa kweli, swala ni wa kweli, na swala amekufa kweli. Kilichojengwa ni mfuatano. Na kuna ngazi za ujenzi, usizichanganye.

Ngazi ya chini kabisa ni hii ya kuunganisha. Mwaka 2016 BBC walitoa ile sinema ya mjusi mdogo wa baharini, yaani iguana, akikimbizwa na kundi la nyoka kwenye ufukwe wa kisiwa cha Fernandina huko Galápagos. Nadhani kila mwenye simu aliiona. Mwaka uliofuata mtayarishaji wake alisema wazi kwamba haikuwa mbio ya iguana mmoja, walikuwa iguana tofauti na vipande vikaunganishwa. Watu wengine walikasirika. Mimi sikukasirika hata kidogo. Nyoka wale wanawinda hivyo kweli, iguana wanatoroka hivyo kweli, na huwezi kumwambia nyoka arudie.

Ngazi ya kati: mwaka 2011 BBC haohao walionyesha vitoto vya dubu wa barafuni vikizaliwa ndani ya pango la theluji, katikati ya mfululizo uliojaa picha za ncha ya dunia, sauti ya David Attenborough ikisimulia. Baadaye ikajulikana vilishutiwa kwenye bustani ya wanyama Uholanzi. Watengenezaji walijitetea kwamba ukiingiza kamera kwenye pango la dubu mwitu mama anaweza kuua watoto au kukuua wewe, na kwamba maelezo yalikuwepo kwenye tovuti yao. Utetezi wa kwanza naukubali. Wa pili siukubali, kwa sababu mtu aliyekaa sebuleni haendi kwenye tovuti. Sentensi moja ya msimulizi ingetosha.

Ngazi ya juu ni ushenzi. Mwaka 1958 Disney walitoa filamu ya nchi za baridi iliyoonyesha lemming, vipanya vya huko, wakijirusha kwa makundi kutoka kwenye genge hadi baharini, ati wanajiua. Ikapata Oscar ya filamu ya maelezo. Mwaka 1982 waandishi wa televisheni ya CBC ya Kanada wakafukua: ilishutiwa Alberta, jimbo lisilo na bahari. Lemming wenyewe hawakuwa wa hapo, walinunuliwa kutoka Manitoba. Wachache wakawekwa kwenye meza inayozunguka, kamera ikabana fremu, wakaonekana ni jeshi. Halafu wakasukumiwa mtoni. Lemming hawajiui. Lakini hadi leo ukienda nchi za wenzetu, mtu anayefuata mkumbo anaitwa lemming, na mto mmoja wa Alberta na meza ya kuzunguka vilichangia sana.

Fundi Sauti

Salaam wakuu. Nipo Dar, natengeneza sauti za filamu za hapa hapa, naomba nichangie upande wangu maana mwanzisha uzi amegusa picha tu.

Ile lenzi inayovuta mita 200 haina mwenzake upande wa sauti. Hakuna maiki itakayokuletea simba akitafuna mbavu kutoka umbali huo. Ukifungua sauti halisi ya shoti za porini utasikia upepo, injini inayopoa tik-tik-tik, na dereva akikohoa (Lenzi Ndefu bila shaka). Kwa hiyo karibu kila unachosikia kwenye picha za karibu kimetengenezwa chumbani. Kazi hii Marekani inaitwa kwa jina la Jack Foley wa Universal, aliyeanza nayo sinema zilipoanza kusema, mwishoni mwa miaka ya 1920.

Vifaa vyake ni vya jikoni. Hatua kwenye theluji: unafinya mfuko wa unga laini wa mahindi, ule mweupe wa kupikia mchuzi mzito. Mfupa kuvunjika: bua la seleri. Kucha za mnyama kwenye mwamba: glavu iliyobandikwa vibanio vya karatasi kwenye ncha za vidole, unatembeza vidole juu ya kigae. Mwongozaji Alfred Hitchcock mwaka 1960, ile Psycho, sinema yake ya mauaji bafuni, kisu kilichomwingia dada yule kilikuwa kinachoma tikiti, na damu iliyotiririka ilikuwa sharubati ya chokoleti. Ilikuwa picha ya rangi nyeusi na nyeupe, nani angejua?

Kwa wanaopenda sinema za zamani za Tarzani: siku ukiiona, sikiliza msitu. Kuna ndege anacheka kwa nguvu, ha-ha-ha-ha. Yule ni kookaburra, ndege wa Australia. Hajawahi kukanyaga Afrika. Na ndovu wengine mle ni wa Kihindi waliovishwa masikio ya bandia ili wafanane na wa kwetu.

Kasuku wa Pwani

😂😂😂 Masikio ya bandia! Bibi yangu Tanga alikuwa na imani na Tarzani kuliko na taarifa ya habari.

Mimi naona mnakuza mambo lakini. Simba ni simba, fisi ni fisi. Hata uhariri vipi, fisi atabaki mwizi wa mabaki. Filamu zote zinasema, na hadithi za wazee zinasema.

Lenzi Ndefu

Kasuku, ahsante, umenifungulia mlango ambao nilikuwa nauzunguka.

Twende kreta ya Ngorongoro. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, magari yanashuka. Unakuta mzoga wa pundamilia, simba wawili wamelala juu yake midomo imelowa damu, na fisi kumi na kitu wamewazunguka, wanazungukazunguka, wanacheka kile kicheko chao. Mpiga picha anashuti. Simba anakula: shoti ya kwanza. Fisi anamezea mate: shoti ya pili. Simba anainuka, fisi anakimbia mkia katikati ya miguu: shoti ya tatu. Msimulizi anaongeza neno "wezi". Hakuna kilichopangwa. Hakuna mnyama wa bustani, hakuna meza ya kuzunguka, shoti zote za siku moja na mahali pamoja. Na bado umedanganywa kichwa chini miguu juu.

Mwaka 1964 alikuja Serengeti mtafiti Mholanzi, Hans Kruuk. Yeye hakusubiri asubuhi. Aliwafuata fisi usiku kwa gari, kwa mwanga wa mbalamwezi, Serengeti na humo kretani. Alichokiona ni fisi wanawinda kwa makundi, wanaangusha nyumbu na pundamilia wenyewe, na sehemu kubwa ya chakula chao wanaiua wao. Kisha kelele zao zinawaita simba. Simba anakuja, anawafukuza wenye mali, analala juu ya windo. Jua linachomoza, magari yanashuka, kamera inawashwa.

Yaani kretani, mara nyingi, mwizi ni yule aliyelala juu ya nyama.

Ona sasa tatizo lilipokuwa. Kamera za zamani hazikuona gizani, na geti linafunguliwa asubuhi. Filamu inaanza hadithi mahali ambapo mwanga umeanza, na mtazamaji anadhani hapo ndipo tukio lilipoanza. Siku hizi kuna kamera za joto na zile zinazoona kwa mwanga wa nyota, na ndiyo maana filamu za karibuni zimeanza kumsafisha fisi kidogokidogo. Hadithi za bibi nazo, Kasuku, zilisimuliwa na watu waliotoka nje ya boma kulipokucha. Ni ushahidi wa asubuhi uleule.

Kwangu mimi hili ni zito kuliko iguana na dubu kwa pamoja. Wengi wakishajua filamu "zinatengenezwa" wanaanza kuwinda kilichochomekwa: hii ya kompyuta, hii ya bustani. Wanasahau kuuliza kilichoachwa. Uongo mkubwa wa filamu za wanyama uko nje ya fremu, na huko hakuna mtu wa kumshika, kwa sababu kila kilichomo ndani ni cha kweli.

mtoto wa Endulen

Kaka Lenzi, umesema nje ya fremu. Niruhusu nikae hapo.

Kule Moru, katikati ya Serengeti, kuna majabali ambayo kila filamu ya simba lazima iyapitie. Simba kalala juu ya mwamba, machweo nyuma, muziki. Wakuu mliofika mnajua: kwenye jabali mojawapo kuna michoro ya ngao za Kimaasai, rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Jirani kuna mwamba mwingine wenye vishimo, unagongwa kwa jiwe unalia kama kengele. Watalii wanapelekwa, wanapiga picha. Lakini kwenye filamu za wanyama kamera haiinuki kwenda kwenye ngao. Zikionekana ngao, mtazamaji atauliza waliozichora wako wapi.

Babu yangu alichunga upande ule. Makubaliano ya kuwatoa wafugaji Serengeti yalisainiwa mwaka 1958, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa iwe eneo la hifadhi lenye wafugaji ndani yake. Mwaka huohuo wa 1959 ndipo ikatoka filamu ya Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, ile ya kusema Serengeti isife, waliyoishuti wakiruka na ndege iliyopakwa mistari ya pundamilia. Michael alikufa Januari ya mwaka huo, ndege ilipogongana na tai, kaburi lake lipo ukingoni mwa kreta. Filamu ikapata Oscar mwaka 1960. Sisemi hawakuwapenda wanyama, walihesabu makundi kwa ndege wakati hakuna aliyekuwa anajua nyumbu wanapita wapi. Ila msimamo wa Grzimek ulikuwa wazi: hifadhi isiwe na watu ndani, hata wenyeji. Ulaya nzima ikajifunza Serengeti kwa macho hayo. Mambo ya leo, Msomera walikohamishiwa wafugaji wa Ngorongoro na mengineyo, yana uzi wake, sitaki kuuharibu huu. Nasema tu kwamba nyika tupu nayo ni shoti iliyochaguliwa.

Lenzi Ndefu

Ndugu yangu, sina la kuongeza hapo zaidi ya kukushukuru.

Niongeze dogo la upande wetu sisi wa magari. Kivuko cha nyumbu mto Mara, upande wa Kogatende, msimu wa Julai hadi Oktoba. Filamu inaonyesha nyumbu, vumbi, mamba, basi. Kaa pale siku moja uone: redio kolu zinaita, magari yanakuja mbio kutoka kila kona, yanajipanga ukingoni bega kwa bega, wageni wamesimama juu ya viti, mwingine anapiga kelele ng'ambo. Washutaji wanafanya kazi kubwa kuyakwepa magari hayo. Wanashuka chini zaidi, wanabana fremu, wanasubiri vumbi lifunike. Nimewahi kuambiwa nihamishe gari langu mara kadhaa kwa sababu kioo chake kilikuwa kinamulika kwenye kona ya picha. Matokeo yake mgeni anakuja kutoka kwao akitarajia ukimya, anakuta stendi.

Na jambo jingine linanikera, nitasema bila jina la mtu. Siku hizi filamu hizi mwishoni zinaweka kipande cha "jinsi tulivyoishuti". Watu wanakiamini kuliko filamu yenyewe, kumbe nacho kimehaririwa na mhariri yuleyule. Unamwona mpiga picha wa kigeni mvumilivu, kakaa wiki nzima kwenye gari, ndevu zimeota, mwisho chui anatokea. Aliyemwona chui ni dereva. Aliyejua kwamba tumbili wakilia vile chui yuko mti wa tatu ni dereva. Yeye yuko kiti cha mbele, nje ya fremu, na jina lake linapita mwishoni kwa kasi ambayo hata ukisimamisha mkanda utalikuta limeandikwa vibaya.

Dada wa Safari

Habari zenu. Nina ofisi ndogo ya utalii Moshi. Nimesoma uzi wote, naheshimu, lakini nauliza: bila filamu hizi nani angekuja? Wageni wangu zaidi ya nusu wananiambia waliona Serengeti kwenye TV wakiwa watoto. Mkishawaambia kila kitu kimepikwa si mnatukatia riziki? Na mtazamaji naye anataka raha. Hajakaa kufanya mtihani.

Lenzi Ndefu

Dada, shikamoo kama umenizidi, na hoja yako siipuuzi. Mimi mwenyewe riziki yangu imetoka hukohuko. Simshauri mtu aache kutazama. Nami natazama, tena narudia. Ila mgeni aliyekuja akitarajia windo kila baada ya dakika nane, akakaa siku tatu anaona simba wamelala tu, anakulalamikia nani? Wewe. Simba analala sehemu kubwa ya siku. Filamu haiwezi kuonyesha hilo, mtu atabadilisha chaneli. Mgeni anayejua filamu inavyokatwa ni mteja mtulivu zaidi, na anamshukuru dereva akimwonyesha hata mende wa mavi.

Kuna jambo la pili, la msimulizi. Mwaka 2019 ulitoka mfululizo uitwao Serengeti, wenyewe watengenezaji walisema ni wa kuigizwa kwa maana ya hadithi: wanyama wana majina, wana mapenzi, wana visasi. BBC waliutoa kwa sauti ya John Boyega. Discovery wa Marekani waliutoa kwa sauti ya dada yetu Lupita Nyong'o. Simba ni walewale. Sasa wewe mfanyabiashara jiulize nani alimpa yule simba jike huzuni: simba, mhariri, mpiga ala, au Lupita? Sisi watu wa vibanda vya video hili tulilijua zamani. Tulikaa tukasikiliza majambazi wa Hong Kong wakitukanana Kiswahili cha Manzese kwa sauti ya mtafsiri mmoja, hakuna aliyedhani ni wao wanaosema. Tukienda kwa simba tunasahau.

Mwalimu wa Kiswahili na Jografia

Wakuu, nafundisha sekondari, na hizi filamu natumia darasani kipindi cha mifumo ya ikolojia. Mwanzisha uzi, nikitaka wanafunzi wazitazame kwa akili, nianze nao vipi? Projekta ninayo, spika mbovu.

Lenzi Ndefu

Spika mbovu ndiyo zawadi yako, mwalimu. Zima sauti kabisa. Onyesha windo moja, dakika tatu, bila msimulizi wala muziki, uwaambie waandike nini kimetokea. Halafu rudia na sauti. Nimefanya hivi na watoto wa dada yangu: bila sauti walisema "simba kamkosa nyumbu". Na sauti walisema "masikini simba, watoto wake watalala njaa". Watoto wa simba hawakuonekana hata mara moja katika kipande kile.

Kisha waambie wapige kofi kila picha inapokatwa. Darasa litakuwa na makofi kama mkutano wa kampeni, lakini baada ya hapo hawatasahau kwamba kuna mikato. Wakishazoea, waanze kukagua mishono. Kivuli ndicho cha kwanza: shoti hii kivuli kirefu, inayofuata kifupi chini ya tumbo, basi kati yake zimepita saa. Nyasi: kijani hapa, kahawia pale, hiyo ni miezi. Masikio ya simba yana mipasuko ya ugomvi, kila mmoja na ya kwake, na madoa ya sharubu hayafanani, hata watafiti huwatambua hivyo. Nilihariri kipande ambacho simba jike alianza kunyatia na sikio zima la kushoto, akafika kwa pundamilia na sikio lililochanika. Mwenye kazi nilimwonyesha, akasema hakuna atakayeona. Wanafunzi wako wataona.

Mwisho waulize swali moja tu kwa kila shoti: kamera ilikuwa imekaa wapi, na nyuma yake kuna nini? Wakikujibu "gari", waulize na nyuma ya gari. Taratibu watafika kwenye ngao za Moru wenyewe.

Nyangumi2

Mkuu nimerudi. Jana tumekaa na dogo, sauti zero, tumepiga makofi mpaka mama yake akauliza kama kuna maulidi. Vivuli tumeviona! Ila kuna kimoja kimetushinda. Filamu ya kivuko cha Mara, nyumbu wanaingia majini, halafu ghafla tuko chini ya maji, kiboko anatembea kwa madaha chini kabisa, samaki wanamfuata, kila kitu kinaonekana hadi kokoto. Kamera ilikuwa imekaa wapi hapo?

Lenzi Ndefu

Hahaha, dogo atakuwa mhariri huyo.

Rudisha nyuma shoti mbili, mtazame maji ya Mara nyumbu wanapoingia. Ni tope, rangi ya chai ya maziwa, ukiingiza mkono huoni vidole. Maji ya kuona kokoto na kiboko kwa pamoja hayapatikani kirahisi Afrika Mashariki, na washutaji wanakwenda palepale miaka yote: chemchemi za Mzima, Tsavo Magharibi, Kenya. Yale maji yanatoka milima ya Chyulu, yanachujwa na mwamba wa volkano chini kwa chini, yanatokea meupe kama kioo. Alan Root, aliyekulia Kenya na kushuti wanyama maisha yake yote, alipiga mbizi na viboko hapohapo, na mmoja akamng'ata mguu. Sijaona filamu uliyotazama, kwa hiyo siwezi kuapa ni Mzima. Lakini mto Mara msimu wa kivuko sio. Mwambie dogo aangalie na samaki: akiwaona wanamlamba kiboko ngozi na miguu, apige picha ya skrini aiweke hapa, tuifanyie kazi pamoja.